Kwa Nini Ngege Wameadimika Ziwani

Wenyeji wa Homa Bay, Mbita, Karungu na Muhuru wamezoea tangu enzi za mababu kwamba kitoweo chao ni samaki. Lakini siku hizi mama aendaye sokoni akitafuta ngege aghalabu hurudi na omena, na katika masoko ya Kisumu, mji ulio kando ya ziwa lile lile, huuzwa samaki wa barafu waliotoka China. Wako wasemao kwamba samaki wamehamia upande wa Uganda na Tanzania. Sivyo. Ni kweli kwamba sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100 za ziwa zima, lakini ngege wa asili wameadimika katika ziwa lote, na habari za kupungua kwao zimeandikwa kwa muda wa karibu miaka 100.

Yafaa kwanza kumfahamu samaki mwenyewe. Ngege wa asili hatagi mayai maelfu kwa maelfu na kuyaacha majini kama wafanyavyo samaki wengine. Jike huyachukua mayai yake kinywani, akayalea humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Kwa hiyo mayai yake ni machache, lakini hulindwa sana. Mvuvi amnasaye jike wa namna hiyo hakupata samaki mmoja, bali amechukua na kizazi chake kizima.

Hapo kale watu walivua kwa migono, kwa ndoana na kwa makokoro yaliyosukwa kwa mafunjo, nao walivua kadiri ya mahitaji ya kijiji. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, samaki wa ziwa walipata njia ya kwenda kuuzwa mbali, na mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani. Mwanzoni wavu mmoja ulinasa makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Kabla ya miaka 25 kupita, katika ghuba ya Kisumu na Homa Bay wavu kama huo ulikuwa ukipata chini ya kumi.

Ndipo mtaalamu mmoja, Michael Graham, alipotumwa kulichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928. Shauri lake lilikuwa kwamba nyavu zenye macho yaliyo chini ya inchi 5 zikatazwe. Jicho la wavu hupimwa hivi: huvutwa mpaka pande zake zikutane, kisha hupimwa toka fundo hata fundo. Samaki mdogo hupenya katika jicho la inchi 5, naye akipenya hupata nafasi ya kuzaa kabla ya kunaswa.

Sheria ikawekwa. Lakini mvuvi mwenye jicho dogo alipata samaki wengi kuliko jirani yake mtii, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo haziozi upesi na hunasa kuliko za kitani. Uganda na Tanganyika ziliifuta sheria hiyo mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961. Kwa maoni yetu hilo halikuwa jambo la busara, ingawa ni haki kusema kwamba sheria hiyo haikuwa na walinzi wa kutosha, na ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi halilindwi kwa mashua chache.

Watu wakaao mbali na ufuo nao walipata hasara yao. Mvua za masika zilipojaza Mto Kuja na Mto Migori, samaki aitwaye ningu alitoka ziwani akapanda mtoni kwenda kutaga. Wenyeji waliweka vizuizi vya matete na migono, wakapata kitoweo bila kufika ziwani kamwe. Kisha nyavu za kutega zikaanza kuwekwa penye vinywa vya mito, zikawanasa ningu wakiwa na mayai tumboni, kabla ya kupanda. Hakuna njia ya upesi zaidi ya kummaliza samaki.

Kisha akaja mbuta. Samaki huyu mkubwa alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Alikula fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, hata aina nyingi zikatoweka. Hatusemi kwamba mbuta hakuleta faida. Viwanda vilijengwa, minofu ikauzwa Ulaya, na nyumba nyingi za mabati zilipatikana kwa fedha yake. Ila minofu ilikwenda ng'ambo, na wengi wa wenyeji wakabakiwa na vichwa na mifupa ya kukaanga. Mbuta naye sasa amepungua.

Basi imebaki omena, avuliwaye usiku wa giza kwa mwanga wa taa na kuanikwa ufuoni. Omena huzaa upesi, lakini sehemu kubwa ya wanaovuliwa husagwa kuwa chakula cha kuku na cha samaki wafugwao katika vizimba. Nchini Kenya uvuvi wake hufungwa toka Aprili hata Julai ili wazaane. Ni miezi minne, nayo ni mirefu kwa mama auzaye kwa gorogoro ili alipe karo. Asiyepewa kazi nyingine kwa muda huo huona taabu kuitii amri. Zaidi ya hayo, vyandarua vya mbu vigeuzwavyo nyavu huzoa hata watoto wa samaki wengine, wakati wowote wa mwaka.

Wale wauzwao leo sokoni kwa jina la ngege, wengi wao ni jamii nyingine iliyoletwa ziwani katika miaka ile ile ya mbuta. Ngege wa asili wangali wapo katika Ziwa Kanyaboli, huko Siaya. Kati yake na ziwa kubwa pana kinamasi cha Yala, chenye mafunjo mengi na maji yasiyo na hewa ya kumtosha mbuta, naye hakuweza kupita.