Mbio za Magari na Kamba Isiyoonekana

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2023 nilikwenda Khayega kumjulia hali dada yangu. Kwa msomaji asiyepajua, Khayega ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, mahali inapochepuka njia ya Shinyalu. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili, hakuwapo nyumbani. Nilielekezwa kwenye chumba cha mabati nyuma ya maduka, ambako vijana hutoa sarafu ya shilingi kumi wakacheza michezo ya video. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukemea. Nilitoka baada ya saa mbili, mfuko ukiwa mwepesi.

Mchezo uliokuwa ukivuma pale ni Need for Speed: Most Wanted, uliotolewa mwaka wa 2005. Ulichezwa kwa mashine ya PlayStation 2, ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka wa 2013, lakini ile ya Khayega haikuwa na habari hiyo. Mchezaji huingia katika mji wa kubuni uitwao Rockport. Gari lake, BMW M3 GTR, huhujumiwa na hasimu aitwaye Razor, ambaye hatimaye hulitwaa. Basi hana budi kuanza upya na kuwashinda madereva kumi na watano, mmoja baada ya mwingine, huku polisi wakimwandama.

Tusiwe wepesi wa kubeza. Mchezo huu una uhodari wake. Akikaidi amri ya kusimama, polisi huzidi: magari zaidi, vizuizi, miiba ya kutoboa magurudumu, hata helikopta. Kila kosa lina matokeo yake. Tena maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mengi mpwa wangu hakuyaelewa. Lakini kanuni alizijua barabara. Hakuna aliyemfundisha kuwa kona ya kulia huingiwa kutoka kushoto, au kuwa gesi ya kuongeza kasi huhifadhiwa kwa njia iliyonyooka. Alizigundua kwa kutumia na kukosea, kama mtoto anavyoigundua sarufi ya lugha ya mama. Sisi walimu wa isimu huzungumzia jambo hili kwa miaka mingi. Pale nililiona kwa macho. (Kasoro ndogo: magari ya Rockport hupita upande wa kulia wa barabara. Namwombea heri kijana atakayetoka mle chumbani akapande baiskeli.)

Kinachoudhi ni kitu kingine. Nilimwona mpwa wangu akiendesha bila dosari mizunguko miwili mizima, akawaacha wenzake mbali. Kisha aligusa ukuta mara moja tu karibu na mwisho, na gari lililokuwa limepotea nyuma likampita kana kwamba limerushwa kwa manati. Vijana hawakushangaa. "Amefungwa kamba," walisema. Wachezaji wa Kiingereza huifananisha hila hii na mpira unaovutika. Waundaji wa mchezo wameupangia kompyuta wajibu wa kuwakaza mwendo wapinzani ukitangulia mno, na kuwalegeza ukichelewa mno, ili mbio zisipoe. Kule Isukha na Idakho, mafahali wanapopigana, anayegeuza mgongo na kukimbia ameshindwa, na mambo yameisha. Hakuna anayemvuta arudi uwanjani.

Matokeo ya kamba hiyo ni kwamba ustadi wa mwanzoni hauna thamani, na kosa la mwishoni hugharimu kila kitu. Mpwa wangu alinipa siri ya ushindi kwa sauti ya upole: "Mjomba, usijichoshe mwanzoni. Ngoja mwisho."

Maneno hayo yalinichoma. Niliwahi kuyasikia wapi? Nimeyasikia katika mabweni ya chuo, wiki mbili kabla ya mtihani. Nimeyasikia kwa wazazi wanaosema mtoto atajikaza akifika kidato cha nne. Na kwa nini wasiseme hivyo, maadamu miaka minne ya shule ya upili hupimwa kwa majuma machache ya mtihani wa KCSE? Kijana aliyekuwa mbele katika kidato cha pili haandikiwi chochote kwa hilo. Tunalaumu mchezo kwa kumfundisha tabia ambayo sisi wenyewe tumemwekea ratiba.

Nilimweleza hayo, pengine kwa urefu kupita kiasi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini Mjomba, bila kamba wewe ungeachwa dakika ya kwanza, ungekuwa umekwenda zako." Alisema kweli. Mimi niliyekuwa nikigonga kila nguzo ya Rockport nilikuwa nikingojewa, na kungojewa huko ndiko kulikonifanya nitoe sarafu nyingine, na nyingine tena. Mwenye chumba alilijua hilo kabla yangu.

Muhula uliofuata nilianza kutoa zoezi fupi la alama kila wiki katika somo langu la fonolojia, ili anayefanya vyema mwanzoni asipoteze jasho lake. Wanafunzi walinung'unika. Nilipomsimulia mpwa wangu alicheka, akauliza kama wanaobaki nyuma nao watangojewa. Bado sijamjibu.