Je, Wajua? Kinachomvuta Mgeni Unguja Hakifungwi kwenye Mfuko

Michenzani pana jengo kubwa la maduka, lakini mgeni akishatua Unguja miguu yake humpeleka Forodhani na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Viatu na simu anavyo kwao. Haya yafuatayo hana pa kuyafuata ila hapa.

Je, wajua kwamba nyumba za Mji Mkongwe hujipoza zenyewe? Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, vichochoro ni vyembamba, na jua la mchana halipati pa kupenya. Mwaka 2000 UNESCO iliutia mji huu katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, wajua kwamba mlango humtambulisha aliyeujenga? Ulionyooka juu ni wa mtindo wa Kiarabu. Wenye duara juu una mkono wa mafundi wa Kihindi. Mnyororo uliochongwa kandokando ni kinga ya nyumba.

Je, wajua kwamba soko la Darajani limekuwapo tangu 1904? Mgeni hununua humo pia, lakini huondoka na harufu ya karafuu na kelele za mnada wa samaki.

Je, wajua kwamba kima punju wa Jozani hula makaa? Majani ya mkungu na mwembe yana sumu, na makaa huifyonza. Asili ya kima hawa ni Unguja. Tangu 2004 msitu wao ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Je, wajua kwamba jela ya kisiwa cha Changuu, iliyojengwa miaka ya 1890, haikutumika kama jela? Iligeuzwa karantini ya wagonjwa. Leo wenyeji wa kisiwa ni kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, Shelisheli, na wengine wamepita miaka 100.

Je, wajua kwamba msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado watu wanasali ndani yake?

Je, wajua kwamba Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kila Julai, nyumba isiyo na mgeni huhesabiwa kuwa imekosa baraka? Ukifika, huulizwi tiketi; unakaribishwa kula.

Je, wajua kwamba kanisa kuu la Anglikana, Mkunazini, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873? Watu husafiri maelfu ya maili waje kusimama hapo kimya.

Je, wajua kwamba lifti haikuletwa Zanzibar na maduka ya kisasa? Beit el-Ajaib, kasri aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilitangulia kuwa nayo, na taa za umeme pia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Duka likibomoka hujengwa jingine. Ukuta wa matumbawe ukianguka kwa kukosa chokaa, kilichomleta mgeni kimeanguka nao. Basi tuupake chokaa kabla ya masika.