Picha za Harusi Zisiicheleweshe Ndoa: Namna ya Kupunguza Gharama Bila Kupoteza Kumbukumbu



Wapendwa waamini, katika nyanda zetu za kati mvua huanza kwa kawaida mwezi Desemba na kukoma Aprili. Kuanzia Mei mavuno huingia ghalani, na ndipo vikao vya harusi vinapoanza. Kibakwe, Rudi, Wotta, Lumuma na vijiji jirani huona kadi za michango zikipita nyumba kwa nyumba. Hilo ni jambo jema, kwa maana ndoa ni furaha ya jumuiya nzima, na Bwana wetu mwenyewe alikubali mwaliko wa harusi ya Kana.

Hata hivyo, katika bajeti za kamati zetu kipo kipengele kimoja kinachozidi kukua mwaka hadi mwaka: picha na video. Zamani mpiga picha alikumbukwa mwishoni, baada ya chakula na mavazi. Leo katika baadhi ya familia yeye ndiye anayeamua tarehe, saa ya kutoka kanisani, na hata kama harusi itakuwapo mwaka huu au itasogezwa mbele. Makala hii inaeleza namna ya kupata kumbukumbu nzuri kwa gharama inayolingana na uwezo wetu, na kwa nini jambo hili linagusa imani yetu.

Kilicho hatarini

Wapo wachumba waliomaliza mafundisho ya ndoa, hawana kizuizi chochote, wazazi wameridhia na mahari imeeleweka, lakini hawafungi ndoa kwa kuwa “kamati haijakamilisha.” Wakati wakisubiri, wengine huanza kuishi pamoja, watoto huzaliwa, na wote wawili hukaa mbali na Komunyo Takatifu kwa miaka. Ule tunaouita uchumba sugu mara nyingi hautokani na ukosefu wa upendo. Unatokana na hofu ya aibu: harusi isiyo na kamera watu wataisemaje?

Hayati Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 212. Alieleza kwamba maandalizi ya sherehe humaliza fedha, na pia nguvu na furaha ya wachumba, na kwamba wapo wasiofunga ndoa kabisa kwa sababu ya gharama. Akawahimiza wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti na wasimezwe na jamii ya matumizi na ya kujionyesha.

Tukumbuke basi kinachofanya ndoa iwe ndoa. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inafundisha kwamba ndoa hufanyika kwa ridhaa ya wawili hao. Kanuni ya 1108 inadai ridhaa hiyo itolewe mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Kanuni ya 1121 inaagiza ndoa iandikwe mapema katika kitabu cha ndoa cha parokia: majina ya wanandoa, mashahidi, mahali na tarehe. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inatambua ndoa hiyo na cheti hutolewa. Kamera haimo katika orodha hiyo. Kumbukumbu rasmi ya ndoa yenu imo katika kitabu kilichomo ofisi ya paroko, nacho hakikutozi albamu.

Gharama hutoka wapi?

Ili kupunguza gharama ni lazima kwanza kuielewa. Bei ya picha na video hujengwa na mambo sita: idadi ya siku, idadi ya saa, idadi ya watu na kamera, nauli na malazi ya wapiga picha, kazi ya kuhariri, na vitu vinavyochapishwa kama albamu na picha kubwa za ukutani. Video ndiyo yenye kazi ndefu zaidi baada ya sherehe, kwa sababu mhariri hukaa siku kadhaa akikata na kuunganisha. Kila kipengele ukikipunguza, bei nayo yapaswa kushuka.

Nawashauri wana kamati wapime gharama kwa kipimo cha kwetu, yaani magunia. Tuseme, kwa mfano tu, pakeji ya siku mbili yenye kamera tatu, video ndefu na albamu mbili inadaiwa shilingi 1,200,000. Ikiwa gunia la alizeti siku hiyo linauzwa shilingi 60,000, pakeji hiyo ni magunia 20. Sasa tuseme mpiga picha mmoja wa picha mnato, kuanzia kanisani hadi mwanzo wa chakula, anadai shilingi 350,000. Tofauti ni shilingi 850,000, yaani zaidi ya magunia 14. Swali la kujiuliza kikaoni ni hili: je, video hiyo ina thamani ya magunia 14 kwa vijana wanaoanza maisha, ambao msimu ujao watahitaji mbegu, mbolea na bati?

Njia za kupunguza

Kwanza, chagueni siku moja. Sherehe ya kumuaga binti na siku ya kanisani si lazima zote zipigwe na mtu wa kulipwa. Ya kwanza ndugu wanaweza kuipiga kwa simu.

Pili, chagueni picha mnato kabla ya video. Video ya saa nne hutazamwa mara moja au mbili. Picha moja iliyotundikwa sebuleni hutazamwa kila siku. Mkitaka video, ombeni fupi: kuingia kanisani, ridhaa, pete, baraka, na maneno ya wazazi.

Tatu, tafuteni mpiga picha wa karibu. Anayetoka Dodoma mjini hulipiwa safari, chakula na pengine malazi. Vijana wa Kibakwe na Mpwapwa wanaofanya kazi hii wapo. Msiangalie picha tatu nzuri alizoziweka mtandaoni. Ombeni awaonyeshe kazi nzima ya harusi moja, hasa picha za ndani ya kanisa, ambako mwanga ni hafifu.

Nne, epukeni msongamano. Jumamosi za baada ya mavuno ndizo zinazogombewa, na bei hupanda. Hakuna kanuni inayowalazimisha kufunga ndoa Jumamosi. Zungumzeni na paroko kuhusu siku ya katikati ya wiki, au Misa ya asubuhi ya Dominika pamoja na jumuiya nzima.

Tano, fikirini ndoa za pamoja. Parokia nyingi huwaandalia wachumba kadhaa adhimisho moja. Mpiga picha mmoja akikubaliana na jozi sita, kila jozi hulipa sehemu ndogo, na hakuna aliye maskini kuliko mwenzake mbele ya altare.

Sita, achaneni na mapambo ya gharama. Kamera ya angani, yaani droni, inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ina taratibu zake za vibali. Si kitu cha kurushwa tu juu ya paa la kanisa.

Simu ikitumika vizuri

Kwa wasio na uwezo wa kumlipa mtu, simu ya kisasa inatosha. Mteueni mtu mmoja au wawili, si wageni wote. Afute kioo cha kamera, ahakikishe betri imejaa na nafasi ipo, na asimame ili dirisha liwe nyuma yake, wala si nyuma ya maharusi. Video aipige simu ikiwa imelazwa. Picha zisitumwe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hupunguzwa ubora. Zitumwe kama faili, au zihamishwe kwa waya.

Mambo ya kuheshimu kanisani

Maelekezo ya Kanisa juu ya Fumbo la Ekaristi, Eucharisticum Mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, namba 23, yanataka upigaji picha usivuruge adhimisho, ufanyike kwa kiasi, na ufuate taratibu za Askofu wa mahali. Kwa hiyo mpiga picha aonane na paroko kabla ya Misa. Asipite kati ya maharusi na altare, na wakati wa Mageuzo atulie, asiwashe mwanga wa kamera. Wala asiwaombe maharusi warudie ridhaa au kuvishana pete kwa kuwa picha haikutoka vizuri. Tendo takatifu halirudiwi kwa ajili ya kamera. Kuzingatia hayo nako kunapunguza gharama, maana kamera moja iliyosimama mahali pazuri inatosha ndani ya kanisa.

Mapatano na haki ya mfanyakazi

Andikeni mapatano hata kama mpiga picha ni jirani. Yataje tarehe, saa, idadi ya picha, urefu wa video, siku ya kukabidhi kazi, na kama anaruhusiwa kuziweka picha zenu mtandaoni kujitangaza. Lipeni malipo ya awali na kubakiza sehemu hadi kazi ikabidhiwe, na kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu. Amueni pia ni nani mwenye sauti ya mwisho, bwana na bibi harusi au kamati; vinginevyo shangazi ataongeza kamera moja na mjomba albamu moja, na deni litabaki kwa vijana.

Lakini kubana matumizi si kumdhulumu mtu. Tangu waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII mwaka 1891, Kanisa halijaacha kufundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Ukimpunguzia mpiga picha malipo, mpunguzie na kazi. Kumwita kwa saa nne na kumshikilia saa kumi na mbili, au kumlipa nusu kwa sababu michango haikutimia, ni dhuluma. Naye amelala macho akihariri, naye ana watoto.

Baada ya sherehe

Hasara kubwa kuliko zote ni kulipa kisha kupoteza. Simu huibiwa, flashi huharibika. Hifadhini nakala mahali patatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye flashi iliyowekwa kwa wazazi, na mtandaoni. Kisha chapisheni picha chache, hata kumi tu. Karatasi haihitaji umeme wala bando, na wajukuu wenu wataishika mkononi.

Wapendwa, Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Ndoa ni mnara huo. Siku ya harusi ni msingi tu. Ukuta na paa vinabaki mbele yenu. Kamati na ikae, ihesabu, na iwe na ujasiri wa kufuta mistari katika bajeti. Na ninyi wachumba mnaosubiri kwa sababu ya fedha, njooni ofisini muonane na paroko wenu au katekista wa kigango chenu. Leteni vyeti vya ubatizo, na mashahidi wawili mtakaowachagua. Tutapanga matangazo, na ndoa itafungwa. Kama jirani atakuwa na simu yenye kamera nzuri, tutamshukuru Mungu na kwa hilo.

Mungu azibariki familia zetu.