Picha za Mikoko Zilizopakwa Rangi kwa Mkono

Mtu akisimama ufukoni Palma, kaskazini kabisa ya pwani ya Msumbiji, huiona rasi ya Afungi upande wa kusini wa ghuba. Maji yakitoka, vichaka vya kijani huonekana vimesimama topeni. Mgeni husema, "Mikoko ile," akapita. Lakini mvuvi anajua kwamba ile si miti ya namna moja.

Majina hubadilika kutoka pwani hata pwani. Haya ninayoyatumia ni ya pwani ya Tanzania. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijizizi vilivyosimama wima kama kalamu, na jani lake chini ni jeupejeupe kama lililopakwa majivu. Mlilana hufungua ua lenye nyuzi nyeupe usiku. Msinzi una mizizi kama magoti, na kikombe cha ua lake ni chekundu. Mkandaa ni mfupi, mara nyingi kichaka tu, na ganda lake lilitumiwa tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi.

Basi, mambo haya yote yatawekwaje katika karatasi moja? Picha ya kamera huonyesha tawi moja la siku moja. Mchoraji wa mimea aweza kuweka pamoja ua la mwezi huu, tunda la mwezi ule, na mbegu iliyopasuliwa ili ndani ionekane. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea hawajaiacha kazi hii mpaka leo.

Zamani kitabu cha picha hizo kilitengenezwa hivi. Kwanza mchoraji alikaa na tawi bichi akalichora kwa rangi za maji. Kisha fundi aliinakili mistari yake juu ya bamba la shaba, akiichimba kwa chuma chenye ncha kali. Bamba lilipakwa wino, likafutwa ili wino ubaki katika mistari tu, likakandamizwa juu ya karatasi. Karatasi zilitoka na mistari mieusi bila rangi. Hapo ndipo wapakaji rangi walipoanza kazi. Waliwekewa nakala moja iliyopakwa vizuri, nao wakaifuata kwa brashi katika mamia ya nakala nyingine. Gazeti la mimea alilolianzisha William Curtis huko London mwaka 1787 liliendelea kupakwa rangi kwa mkono mpaka mwaka 1948.

Hatari ilikuwa hapo hapo. Mpakaji rangi hakuwa ameuona mti. Akipaka jani la mchu kijani pande zote mbili, msomaji atatafuta mti ambao haupo duniani. Akikipaka kikombe cha msinzi manjano hafifu, ameugeuza kuwa mkoko. Na anayenakili nakala yenye kosa hulirithi kosa lile, akamrithisha na mwenzake.

Lakini picha njema yafika mbali. Kati ya mwaka 1678 na 1693, vitabu 12 vya Hendrik van Rheede, aliyekuwa gavana Mdachi wa Malabar, juu ya mimea ya huko vilitoka Amsterdam, na mikoko imo. Bahari yetu ni moja. Msinzi wa Malabar ndio msinzi wa pwani yetu. Linnaeus wa Sweden alipoipa mimea majina yake ya kitaalamu mwaka 1753, alizitegemea picha hizo kwa miti ambayo yeye mwenyewe hakuipata kuiona ikiota.

Huku kwetu, Mjerumani Wilhelm Peters alitembea Msumbiji katika miaka ya 1840, akafika hata visiwa vya Kerimba, kusini ya Afungi. Mimea aliyokusanya ilielezwa, mingine kwa picha, katika kitabu kilichotoka Berlin kuanzia miaka ya 1860. Mwezi Machi 1943, wakati wa vita, nyumba ya mimea mikavu ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua, na sehemu kubwa ya hazina ile ikapotea. Kitabu kilibaki, kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimesambaa nchi nyingi. Hiyo ndiyo faida ya nakala: moto wa nyumba moja hauzimalizi.

Nayasema haya kwa ajili ya Afungi. Mwaka 2010 gesi iligunduliwa chini ya bahari mbele ya pwani ile. Baadaye ardhi ya kama hekta 7,000 ilitengwa kwa kiwanda cha gesi, na kuanzia mwaka 2019 watu wa Quitupo walihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wakakimbia, na ujenzi ukasimama kwa miaka kadhaa. Mwenye kuhama huchukua sufuria na mkeka. Kichaka hawezi kukibeba. Mtoto aliyekulia ugenini atakijua kwa maneno ya wazee, au kwa picha, kama ipo.

Basi, enyi wanafunzi, na ninyi mliokwisha kumaliza shule mkakaa pwani, kazi hii haitaki fedha nyingi. Chukua karatasi nzito, penseli, brashi nyembamba na rangi za maji. Chagua kitawi chenye ua na tunda, ukipime kwa rula, ukichore asubuhi kabla hakijanyauka. Usisahau upande wa chini wa jani. Andika pembeni tarehe, mahali, na jina wanalolitumia wazee wa hapo, hata kama silo la kitabuni. Kisha fanya nakala ya pili na ya tatu. Lakini kila moja uilinganishe na tawi bichi, wala si na nakala iliyotangulia. Moja ibaki shuleni, nyingine nyumbani, na nyingine mpe mtu aendaye mbali.