Je, Wajua? Mkanda Mweusi Ulianza na Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Kijana wa Babati anayepanda basi la Dodoma au Arusha kwenda chuoni, akibeba sare ya karate chini ya madaftari, anafuata njia ya zamani. Mjapani Jigoro Kano alianza kujifunza sanaa ya mapigano ya jujutsu mwaka 1877, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Alihitimu 1881, na mwaka uliofuata akaanzisha Kodokan, shule yake ya judo. Mwaka 1883 aliwapa daraja la kwanza wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Mkanda mweusi wenyewe, alama ya daraja hilo, ulikuja baadaye kidogo.

Karate iliazima utaratibu huo kwa judo. Mwalimu wa karate Gichin Funakoshi alitoa mikanda yake ya kwanza myeusi Aprili 1924, na mwaka huohuo klabu ya karate ikaundwa Chuo Kikuu cha Keio. Vyuo ndivyo vilivyoieneza Japani. Rangi nyingi za mikanda ya kati, zinazowafurahisha watoto (na wazazi wanaolipa ada), zilipata umaarufu Ufaransa miaka ya 1930 kupitia kwa mwalimu wa judo Mikinosuke Kawaishi.

Hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha Goju-ryu, mtindo mmojawapo wa karate, miaka ya 1970.

Sasa hesabu: shahada nyingi nchini ni miaka mitatu, ilhali mkanda mweusi kwa kawaida huhitaji mitatu hadi mitano ya mazoezi yasiyokatika. Anayeanza mwaka wa kwanza huenda akahitimu masomo kabla ya kupata mkanda. Aliyeanza sekondari ana nafasi nzuri zaidi, mradi likizo za nyumbani Babati zisiwe za kulala tu.