Maji, Mawe na Matumbawe: Kutunza Mwamba wa Bahari Nyumbani

Tangi la matumbawe ni chombo cha kioo chenye maji ya bahari, mawe, taa kali na pampu za kuzungusha maji, ambamo matumbawe hai huishi pamoja na samaki, kamba na konokono. Tumbawe lenyewe ni mnyama. Kila tawi lake limefunikwa na polipu, vinyama vidogo vyenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na ndani ya nyama ya polipu hizo hukaa mwani wa seli moja. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua na kumpa mwenyeji wake hadi asilimia 90 ya nishati anayoihitaji. Kwa sababu hiyo matumbawe hustawi mahali ambapo maji ni maangavu na yana virutubisho haba, na ambapo joto na chumvi hazibadilikibadiliki. Hali hizo ni rahisi kwa bahari kwa kuwa bahari ni kubwa. Katika lita 200 za maji sebuleni, uchafu wa samaki mmoja hauna pa kwenda, na saa chache za jua kali zinatosha kubadilisha joto la tangi zima. Karibu kila kifaa na kila desturi ya ufugaji huu imebuniwa kuziba pengo hilo la ukubwa.

Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay na kuyapeleka nyumbani kwake London. Pampu hazikuwapo, mtumishi wa nyumba ndiye aliyekuwa akiyachota maji na kuyamimina tena mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Indonesia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki jinsi alivyotumia mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na viumbe vyake, pamoja na viputo vya hewa tu, na tangi likajisafisha lenyewe. Wafugaji wa Berlin wakaongeza taa kali, mtambo wa povu na maji ya chokaa. Matangi mengi ya leo, hata yale ya bei kubwa, bado yanafuata njia hiyo ya Berlin.

Maji ya bahari ya wazi yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Wakazi wa mwambao wanaweza kuyachota wenyewe, mradi wayachote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mitaro na midomo ya mito. Wakati wa masika ni vizuri kungoja, kwani maji ya karibu na ufuo huwa yamepunguzwa chumvi na kubeba tope. Wanaoishi bara hununua chumvi maalumu ya matangi, iliyochanganywa na madini yote makuu ya bahari. Chumvi ya mezani haifai kabisa. Maji ya kuchanganyia nayo yasiwe ya bomba moja kwa moja: klorini huua bakteria, fosfati hulisha mwani, na shaba, hata chembe ndogo, huua kamba na konokono. Mtambo wa kuchuja kwa utando mwembamba huondoa sehemu kubwa ya hayo yote.

Kiwango cha chumvi hupimwa kwa refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma jinsi tone la maji linavyopinda mwanga. Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kujazia maji ya chumvi pale kina kinaposhuka. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, baada ya wiki moja bila kujaziwa chumvi yake itakuwa imepanda kutoka gramu 35 hadi 39 hivi kwa kila kilo ya maji, na matumbawe yatakuwa yameanza kujikunja. Kinachotakiwa kurudishwa ni maji baridi yaliyochujwa, kila siku, kidogokidogo. Wengi huweka boya linalofungua pampu kina kinaposhuka, na hicho ni kifaa cha kununua mapema kuliko taa ya pili.

Tangi jipya haliko tayari kupokea samaki siku linapojazwa. Kinyesi, mabaki ya chakula na pumzi ya samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na sumu hiyo huwa kali zaidi katika maji ya bahari kwa sababu yana pH ya juu, karibu 8.2. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili. Bakteria hawa huzaliana polepole, kwa hiyo inachukua wiki 4 hadi 6 kwao kuenea juu ya mawe na mchanga. Katika muda huo mfugaji hutia chanzo kidogo cha amonia na kupima maji mara kwa mara: amonia hupanda kisha hushuka, nitriti hufuata njia hiyohiyo, na mwishowe zote mbili husoma sifuri. Hapo ndipo samaki wa kwanza anapoingia, tena mmoja au wawili tu.

Mawe yana kazi zaidi ya kupendeza macho. Jiwe zuri lina vitundu vingi. Juu yake, penye oksijeni, hukaa bakteria wa amonia na nitriti. Ndani kabisa, mahali oksijeni isipofika, hukaa wengine wanaovunja nitrati na kuitoa kama gesi ya nitrojeni inayopanda hewani. Siku hizi wengi huanza na mawe makavu na kuyapandikiza bakteria, jambo linalochukua muda mrefu zaidi lakini linaziachia mawe yake pwani zinazoyahitaji.

Mtambo wa povu hushika uchafu kabla haujaoza. Pampu huvuta hewa na kuipasua kuwa viputo vidogo mno ndani ya bomba la maji. Protini na mafuta hupenda kung'ang'ania mpaka wa maji na hewa, hivyo hupanda na viputo hadi juu, ambako povu hujaa na kumwagikia kikombe. Kikombe hicho, baada ya siku mbili tatu, huwa na kiowevu cha kahawia chenye harufu kali. Kikiwa na maji meupe tu, mtambo umerekebishwa vibaya. Kikibaki kikavu ghafla, mara nyingi kuna mafuta yaliyoingia majini, pengine kutoka kwenye mikono au chakula kipya.

Nitrati na fosfati hazipaswi kuisha kabisa. Zamani wafugaji walizisaka hadi sifuri, na matokeo yake yakawa matumbawe yaliyofifia na utando wa kahawia wa dinoflajelata, viumbe vya seli moja, uliotapakaa mchangani. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati iliyo chini ya miligramu 0.1 huwafaa wengi. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki husaidia kuzishikilia hapo.

Taa za LED za rangi ya buluu ndizo zinazotumika zaidi, kwa kuwa buluu ndiyo rangi inayopenya kina cha bahari na ambayo mwani wa matumbawe umezoea kuitumia. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Tumbawe jipya huwekwa chini, penye mwanga hafifu, na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Mkondo wa maji nao uwe wa kubadilika mwelekeo, kwani polipu huletewa chakula na kuondolewa uchafu na maji yanayopita tu.

Jambo linalotofautisha tangi la samaki na tangi la matumbawe ni ujenzi wa mifupa. Matumbawe magumu huchota kalisi na kabonati majini na kuziunganisha kuwa jiwe. Maji ya bahari yana kalisi ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesi karibu 1,290, na ualkali (yaani akiba ya kabonati majini) wa takriban 7 kwa kipimo cha dKH. Matangini ualkali wa 8 au 9 ni wa kawaida. Tumbawe linapotumia miligramu 20 za kalisi kutoka kila lita, hutumia pia dKH 2.8 za ualkali. Kalisi inaposhuka kutoka 420 hadi 400, hakuna atakayeona tofauti. Ualkali unaoshuka wakati huohuo kutoka 8 hadi 5.2 unaweza kulimaliza tawi la tumbawe gumu aina ya Acropora, ngozi ikibambuka kuanzia kwenye ncha. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hupima ualkali kabla ya kitu kingine chochote, na huona afadhali tangi linalokaa 7.5 mwaka mzima kuliko linalopanda hadi 10 leo na kurudi 7 kesho.

Njia ya zamani ya kurudisha madini hayo ni maji ya chokaa. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayohayo. Moto hufukuza kaboni dioksidi kutoka kwenye jiwe na kuacha chokaa kali. Ikizimwa kwa maji inakuwa hidroksidi ya kalisi. Ndani ya tangi safari hiyo hurudi nyuma: chokaa hukamata tena kaboni dioksidi, na tumbawe hupata kalisi na ualkali kwa uwiano uleule linaoutumia. Chokaa ya ujenzi haifai kwa sababu ya uchafu wake. Hutumika ile safi ya daraja la chakula, gramu moja na nusu hivi kwa lita. Maji yake yana pH inayozidi 12, hivyo hutiwa tone kwa tone, hasa usiku, pH ya tangi inapokuwa chini. Tangi lenye matumbawe mengi huhitaji zaidi ya hayo, na hapo hutumika miyeyusho miwili, mmoja wa kloridi ya kalisi na mwingine wa bikaboneti ya soda.

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinashughulika na kupasha maji joto. Dar es Salaam au Mombasa shida ni kinyume chake. Nyuzi joto 24 hadi 27 ndizo zinazopendekezwa. Maji ya bahari yenyewe hufikia 29 au 30 mwezi Machi, na taa na pampu huongeza juu ya hapo. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi kiasi, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yaliupoteza mwani wao, yakabaki meupe, na mengi yakafa. Tangini hali hiyohiyo inaweza kutokea kwa siku chache. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ingawa unyevu wa hewa ya pwani huipunguzia nguvu. Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni oksijeni. Maji ya bahari yenye joto hili hubeba chini ya miligramu 7 kwa lita, na samaki, matumbawe na bakteria wote wanaigombania. Pampu ndogo ya hewa yenye betri huokoa tangi.

Kati ya samaki, wale wa anemoni ndio wanaofaa zaidi kuanzia. Pwani ya Afrika Mashariki ina Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Katika kila kundi mkubwa kuliko wote ni jike. Akifa, dume lake hugeuka jike na kijana anayefuata hushika nafasi ya dume. Samaki wa jamii hii wamekuwa wakizalishwa matangini tangu miaka ya 1970. Kangaja ni wazuri kwa kula mwani, lakini ni waogeleaji wa masafa, na tangi dogo ni mateso kwao. Konokono na jongoo bahari husafisha mawe na mchanga.

Kila samaki mpya anapaswa kukaa kwanza katika tangi la karantini. Adui mkubwa ni kimelea Cryptocaryon irritans, kinachoonekana kama punje za chumvi kwenye mapezi. Baada ya siku 3 hadi 7 kimelea huacha samaki, hujifunga kwenye kifuko juu ya jiwe, na kifuko kimoja hutoa zaidi ya vimelea wapya 200. Madoa yanapopotea, wengi hudhani samaki amepona, kumbe ugonjwa umehamia mchangani. Dawa ya shaba hufanya kazi, ila haiwezi kutiwa penye matumbawe na kamba. Samaki wote hutolewa na kutibiwa pembeni, na tangi kuu huachwa bila samaki kwa siku 76.

Matumbawe yenyewe hupigana. Galaxea hurefusha usiku minyiri ya kuchoma inayozidi sentimita 15, na jirani yake huamka na kidonda. Nafasi iachwe tangu mwanzo. Zoanthidi, jamaa za matumbawe zenye rangi za kuvutia, zinaweza kubeba palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana. Kuchemsha mawe yenye zoanthidi kumewahi kupeleka watu hospitali kwa kuvuta mvuke wake. Glavu na miwani huvaliwa kila zinapokatwa.

Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo kwa miongo mingi, wakiwemo wanaokamatwa na wapiga mbizi wa Shimoni na Kilifi. Kwa matumbawe, njia iliyo bora ni kipande kilichokatwa kutoka tangi la mfugaji mwingine: tawi la sentimita 3 hugandishwa juu ya jiwe kwa gundi na kuendelea kukua. Njia ya pili, ya kuyazalisha kwa mayai, ilionekana kwa muda mrefu kuwa haiwezekani. Katika Jumba la Makumbusho la Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake waliiga misimu ya joto, urefu wa mchana na mwanga wa mwezi, hadi matumbawe yakataga tangini kwa wakati uliotabiriwa. Agosti 2019 Florida Aquarium huko Tampa ilipata mayai ya Dendrogyra cylindrus, tumbawe la Atlantiki lililokuwa likitoweka baharini, kutoka kwenye matangi yake yenyewe.