Chuo cha benki: Kigoma au Dar es Salaam?

Mkulima wa Kasulu au Kibondo anayeuza maharage ili mtoto asomee kazi ya benki asipige hesabu ya ada tu. Aongeze pango, chakula na nauli.

Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi Kigoma. Anayelenga kutunza hesabu za SACCOS anaweza kuanzia hapo. Anayelenga makao makuu ya benki atazame Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Kina shahada ya benki na fedha, na benki nyingi zina makao makuu jijini humo.

Lakini afisa mikopo wa Kibondo lazima ajue msimu wa mahindi, na hilo mtoto hujifunza nyumbani. Muulize kwanza anataka kazi gani, na wapi. Ndipo uuze gunia.